Ati Ni Mila Yetu? Susu Alicheka

Wasee, leo wacha tuongee mambo ya kanisa. Najua kuna mtu atanirushia aya za Timotheo hata kabla afike katikati. Soma kwanza, aya tutafika.

Agosti iliyopita nilikuwa ushago, Kanyangi. Kwa wale hawajui, hiyo ni Kitui kule chini, mahali maji unachimba kwa mchanga wa mto na ukiwahi alfajiri una bahati. Tulikuwa tumekaa nje na Susu tukichambua mbaazi kwa uteo, binamu yangu akaja amenuna. Binamu amesoma chuo cha Biblia miaka mitatu na akamaliza vizuri. Kanisa lao, na silitaji kwa sababu bado anaabudu hapo, limempa kazi ya kufundisha watoto wa shule ya Jumapili. Kijana waliyesoma naye darasa moja, ambaye alikuwa anakopa noti zake kila mtihani, sasa ni mchungaji msaidizi.

Alipouliza sababu, mzee mmoja wa kanisa alimjibu kwa upole kabisa: "Mwiitu, hii ni mila yetu Wakamba. Mwanamke haongozi ibada."

Susu alicheka mpaka akaweka uteo chini. "Mila ya nani?"

Hilo swali limenikaa kichwani, nikaanza kusoma. Mimi si mwanatheolojia na sina haja ya kuwa mchungaji, lakini historia naipenda, na hapa historia iko upande wa Susu.

Anza na Syokimau. Kila Mkamba amesikia habari zake: alitabiri nyoka mrefu wa chuma atakayepita nchini, na wageni wa rangi nyingine wakibeba moto. Reli ilipokuja watu wakamkumbuka. Leo jina lake liko kwa stesheni ya treni na mtaa mzima pale Mlolongo, na wengi wenu mnapita hapo kila siku mkidhani ni jina la estate tu. Alikuwa mwanamke, na watu walisikiliza.

Halafu kuna kilumi, ngoma ya mvua na ya mapepo, iliyokuwa mikononi mwa akina mama. Na ithembo, pale pa kutoa sadaka chini ya mti mkubwa, wanawake wazee walikuwa na nafasi yao pamoja na wazee wa kiume. Mwaka wa 1911 kule Machakos mjane mmoja, Siotune wa Kathuke, pamoja na mwanaume anayeitwa Kiamba, walianzisha vuguvugu la ngoma na mapepo. Lilisambaa mpaka watu wakaanza kuwapuuza maofisa wa Mwingereza. Serikali haikusema "huyo ni mwanamke tu, hakuna atakayemfuata." Iliwakamata na kuwahamisha mbali na Ukambani. Wakoloni walijua wanaogopa nani.

Sisemi Ukambani wa zamani ulikuwa paradiso ya wanawake. Hapana. Mahari, ardhi, nani anaongea barazani, hayo yote tunayajua. Lakini kwa mambo ya kuongea na Mungu, huwezi kuniambia mwanamke alikuwa mgeni. Huo mlango haukufungwa na mababu.

Sasa kuja kwa injili yenyewe. Oktoba 1895 meli ilitia nanga Mombasa na kikundi cha kwanza cha Africa Inland Mission, wakiongozwa na kijana Peter Cameron Scott. Walikuwa watu wanane. Watatu kati yao walikuwa wanawake: Margaret Scott, dadake Peter, pamoja na Minnie Lindberg na Bertha Reckling. Mwisho wa mwaka walikuwa wamefungua kituo Nzaui, ambayo leo ni Makueni, mlima ule unauona ukielekea Emali. Scott mwenyewe alikufa Desemba 1896, hata miaka miwili hajamaliza. Kazi iliendelea. Kutoka hapo ndipo tukapata AIC, moja ya makanisa makubwa kabisa Ukambani na Kenya nzima.

Na mpaka leo AIC haiwawekei wanawake mikono kuwa wachungaji. Fikiria hiyo hesabu: wanawake walivuka bahari kuleta hilo kanisa, watatu kwa wanane, na wajukuu wa wale waliohubiriwa hawawezi kusimama pale. Watu wa AIC watakwambia sababu yao si mila bali ni Maandiko, na hapo nawaheshimu zaidi kuliko yule mzee wa binamu, kwa sababu Maandiko tunaweza kuyafungua pamoja tukabishana. Wakatoliki nao wako wazi: Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka wa 1994 kwamba kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadri, akataka mjadala uishe. Haukuisha, lakini msimamo unaujua.

Haya, Timotheo. Ndiyo, Paulo anasema hamruhusu mwanamke kufundisha wala kumtawala mwanaume. Iko, siifichi. Lakini ni Paulo huyo huyo, kwa Warumi sura ya 16, anamtambulisha Fibi kama mhudumu wa kanisa la Kenkrea na kuwaambia wampokee vizuri. Anamsalimu Prisila akimtaja kabla ya mume wake. Na asubuhi ya ufufuo, habari ya kwanza ilipewa nani akapeleke? Mariamu Magdalene. Ukichukua aya moja ukaacha hizo zingine, basi umechagua, na mwenye kuchagua aeleze kwa nini.

Kenya wenyewe tumeshajibu hili swali mara kadhaa, tena zamani kuliko vile watu wanafikiri. PCEA ilimweka Nyambura Njoroge kuwa mchungaji mwaka wa 1982, mwanamke wa kwanza kwao. Mwaka uliofuata Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, yule ambaye pia alikuwa akimkalia Moi ngumu, alimpa ukasisi Lucia Okuthe. Mwaka huo huo ng'ambo ya mpaka, Kigezi, Festo Kivengere aliwapa wanawake watatu. Uingereza yenyewe, mama wa Waanglikana, ilianza mwaka wa 1994. Kwa hivyo ile hadithi ya "hii ni tabia ya wazungu inaletwa" iko na shida ya kalenda. Sisi tulitangulia kwa zaidi ya miaka kumi.

Stori inayoniuma zaidi ni ya Gaudencia Aoko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Nyanza, yeye na Simeo Ondeto walianzisha vuguvugu lililokuja kuwa Legio Maria. Aoko alikuwa binti wa miaka ishirini hivi. Alikuwa amefiwa na watoto wake, na akainuka kuhubiri na kubatiza watu wengi ajabu, akipinga uchawi na akipinga Waafrika kulipishwa ili wabatizwe. Watu walitembea kutoka mbali kumfuata. Kisha kanisa likakua, likapata vyeo, likafuata ngazi zile zile za Katoliki walikotoka, na ukuhani ukabaki wa wanaume. Aoko akaondoka. Ona vile ilienda: wakati kuna jua kali na hakuna jengo, mama anaongoza. Ikishapatikana ofisi, kiti na muhuri, anaambiwa asante sana.

Hiyo ndiyo Kanyangi pia. Susu na wenzake walibeba mchanga wa kujenga kanisa mgongoni, kwa kamba ya paji la uso, kutoka mtoni. Wanaume wengi walikuwa Nairobi na Mombasa wakitafuta kazi. Miaka hiyo nani alikuwa akiomba na wagonjwa? Nani alizika wakati mchungaji amechelewa kwa sababu gari limekwama? Ni wao. Hakuna aliyeuliza Timotheo alisema nini.

Mwaka wa 2021 ulikuwa mtamu. Januari, Emily Onyango aliwekwa kuwa askofu msaidizi wa Bondo, mwanamke wa kwanza kuwa askofu katika ACK. Na mnipende kidogo hapa, ni mwanahistoria, ameandika juu ya wanawake wa Kiluo. Septemba tarehe 12, Rose Okeno akawekwa kuwa askofu wa dayosisi ya Butere. Huyo si msaidizi, ndiye mwenye dayosisi. Na hii haikuwa rahisi, kwa sababu Kenya iko ndani ya Gafcon, muungano wa Waanglikana wahafidhina uliozaliwa Jerusalem mwaka wa 2008, na Gafcon ilikuwa imewaomba wanachama wasiweke maaskofu wanawake mpaka wakubaliane. Butere ilipiga kura, ikamchagua mtu wake.

Makanisa ya kiroho hayakungoja mtu. Margaret Wanjiru alikuwa askofu wa kanisa alilolianzisha mwenyewe, na mwaka wa 2007 akashinda ubunge wa Starehe. Unaweza kumpenda au kumkataa, lakini hakuomba ruhusa. Ila pia hiyo si dawa ya binamu yangu. Yeye hataki kuanzisha kanisa lake. Anataka lile alilobatizwa.

Na hapa Kitui kuna jambo linanichekesha. Mwaka wa 2017 kaunti yetu ilimchagua Charity Ngilu kuwa gavana, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza Kenya, na mama huyo alikuwa amegombea urais huko nyuma, 1997. Wazee wale wale wa kanisa walipanga foleni wakampigia kura. Bajeti ya mabilioni walimwachia. Akija kanisani Jumapili, wanampa kipaza sauti baada ya ibada "awasalimie watu." Kuhubiri dakika ishirini ndiyo itaharibu mila.

Wiki jana nilimpigia binamu simu. Darasa lake la watoto limejaa, wanakaa nje chini ya mti kwa sababu chumba hakitoshi, na siku hizi akina mama kadhaa wanakaa huko nyuma ya watoto wakisikiliza badala ya kuingia ndani. Mzee amewaona. Bado hajasema kitu.

Nilimuuliza kama atahama aende ACK. Alinyamaza kidogo, akasema hajui, ukuta wa hilo kanisa una mchanga wa Susu. Susu, aliyekuwa karibu na simu, akauliza tunaongea nini, kisha akataka kujua kama nimekula.