Namba ya Chesisi: Istilahi Inayoelekeza Mkono

Tuseme umefika Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kaskazini mwa mji wa Tabora, ukaonyeshwa lori lililolala chini ya mwembe miaka na miaka. Matairi hayapo, vioo vimekwisha, na mbele ya kabini palipokuwa na nembo pamebaki matundu ya skrubu. Mwenye nyumba anasema ni Leyland ya marehemu baba yake. Mzee jirani, aliyekuwa utingo ujanani, anakataa: hiyo ni Albion. Fundi anaongeza kwamba injini iliyomo ni ya Isuzu, na aliifunga yeye mwenyewe.

Wote watatu wanaweza kuwa wakweli. Kampuni ya Leyland ya Uingereza iliinunua Albion ya Glasgow mwaka 1951, na baadaye malori yaliyobuniwa na Albion yakawa yanauzwa kwa jina la Leyland. Injini nayo huhama kutoka gari hadi gari. Kinachoweza kuamua ubishi huu ni mstari mmoja wa herufi na tarakimu uliogongwa kwenye chuma, ambao mafundi wetu huuita namba ya chesisi. Makala haya yanaeleza maana ya istilahi hiyo, namna inavyotumika kujua umri na modeli ya lori kuukuu, na kwa nini naiona bora kuliko zile zinazopendekezwa kuchukua nafasi yake.

Chesisi ni ile mihimili miwili mirefu ya chuma inayokwenda kutoka bampa ya mbele hadi nyuma ya lori, ikiunganishwa na vyuma vya kukingama mithili ya ngazi. Juu yake huketi injini, giaboksi, kabini na bodi. Chini yake hufungwa springi na ekseli. Neno lenyewe ni la Kifaransa, châssis, lenye maana ya fremu. Sisi tulilipokea kwa Kiingereza, nalo likaingia kwetu kwa mlango wa gereji. Ndiyo maana matamshi yake hayajatulia: wengine husema chesesi, wengine chasisi. Mimi naandika chesisi, lakini fundi anayesema chesesi hajakosea. Amelishika neno na kulifanyia kazi.

Watafsiri wanaotaka neno lenye asili ya karibu zaidi wana mawili mkononi. La kwanza ni fremu. Tatizo lake ni kwamba limekwishabebeshwa mizigo mingi: fremu ya picha, fremu ya mlango, fremu ya baiskeli, na katika miji ya Tanzania fremu ni chumba cha duka cha kupangisha. La pili ni kiunzi, neno zuri ambalo wapenzi wa riadha wanalijua katika mbio za kuruka viunzi, na ambalo hutaja pia mifupa inayoushikilia mwili. Kiunzi hueleza vizuri chesisi ni kitu gani. Ningemfundisha mwanafunzi kwa kumwambia kwamba chesisi ni kiunzi cha gari, lakini gereji ningemwachia neno la mafundi wenyewe.

Kuna neno jingine linalofaa kutajwa, ingawa si la barabarani. Waundaji wa majahazi wa pwani hulaza kwanza mkuku, lile gogo refu la chini, kisha husimamisha mataruma na kupigilia mbao. Mbao zikioza hubadilishwa, tanga likichanika hushonwa jingine, na jahazi hubaki kuwa lile lile kwa sababu mkuku wake ndio ule ule. Chesisi ndiyo mkuku wa lori. Aliyeielewa hoja hiyo ameelewa kwa nini watengenezaji waliamua kugonga namba hapo badala ya kuigonga mlangoni au kwenye injini peke yake.

Sasa lipo pendekezo la tatu, ambalo hutokana na kutafsiri maneno ya kitaalamu ya kimataifa: namba ya utambulisho wa gari. Halina kosa la sarufi, na kwa karatasi za ofisini linatosha. Lakini msomaji akiambiwa atafute namba ya utambulisho, atazunguka gari zima asijue aanzie wapi. Huenda akaishia kwenye kibao cha usajili au kwenye kibati cha mlangoni. Akiambiwa atafute namba ya chesisi, tayari amekwishainama. Istilahi ya kwanza inasema namba ni ya nini. Ya pili inasema iko wapi. Kwa chombo kilichokwisha kubadilishwa kila kiungo, habari ya pili ndiyo inayotakiwa.

Basi na tuiname. Katika malori mengi namba hugongwa kwenye mhimili wa kulia, sehemu ya mbele, karibu na gurudumu. Miaka ya vumbi na grisi huwa imeifunika. Dawa yake ni dizeli kidogo, tambara na brashi ya waya. Grenda haifai, kwa kuwa hula chuma na kuondoka na kile unachokitafuta. Baada ya kusafisha, paka chaki ili mikunjo ya tarakimu ionekane, au weka karatasi juu yake na uisugue kwa penseli. Watengenezaji wengi huweka nyota au alama nyingine mwanzoni na mwishoni mwa namba, ili mtu asiongeze tarakimu kwa siri. Alama hizo zikikosekana upande mmoja, au tarakimu zikipanda na kushuka pasipo mpango huku chuma cha pembeni kikiwa kimelainishwa, uliza maswali kabla ya kutoa fedha.

Namba hiyo husomwaje? Hapa kuna zama mbili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 mataifa yalikubaliana juu ya mfumo mmoja wa alama 17, na mwaka 1981 Marekani ikaufanya lazima. Mfumo huo hautumii herufi I, O na Q, kwa sababu hufanana mno na tarakimu 1 na 0. Alama tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji: YS2 ni Scania ya Sweden, 9BS ni Scania ya Brazil, XLE ni Scania ya Uholanzi, YV2 ni lori la Volvo, WDB ni Mercedes-Benz. Wengi hufundishwa kwamba alama ya 10 ndiyo mwaka. Hiyo ni sheria ya Amerika Kaskazini. Watengenezaji wa Ulaya hawakulazimika kuifuata. Lori la Ulaya lisihukumiwe umri kwa alama hiyo peke yake. Malori yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana utaratibu wake: namba yao ni fupi, ikianza na msimbo wa modeli na kufuatiwa na namba ya mfululizo.

Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na hesabu yake. Lori la mwaka 1955 litakupa namba fupi ambayo haisemi lolote mpaka uilinganishe na kumbukumbu za kiwanda. Hapo ndipo tunapohitaji ushahidi wa pili, yaani modeli, na ndipo Kiswahili chetu kinapotaka kunyooshwa kidogo. Magazeti huandika “lori aina ya Scania”, dalali husema “aina yake ni 113”, na polisi huandika “aina: semitrela”. Neno aina limebeba mambo matatu. Napendekeza tuyatenganishe, na aina ibaki kwa umbo la gari kama semitrela: chapa ni jina la mtengenezaji, modeli ni jina la gari lenyewe, na toleo ni kizazi cha modeli hiyo, kama vile kitabu kilichopitiwa upya huitwa toleo la pili.

Scania inaonyesha faida ya kuyatenganisha maneno hayo. Katika 110, 111, 112 na 113, tarakimu mbili za mwanzo ni ukubwa wa injini, lita 11; ya mwisho ni toleo. Modeli ya 110 ilitoka mwaka 1968, 111 ikafuata katikati ya miaka ya 1970, toleo la pili likaanza mwaka 1980, la tatu mwaka 1987, na la nne, lenye 114, 124 na 144, mwaka 1995. Kuanzia mwaka 2004 hesabu ikageuka: R420 haina lita 42, bali nguvu farasi 420. Herufi nazo zimebadilika maana. Katika LT 110 herufi T husema ekseli mbili za nyuma zinasukuma. Katika T113 husema lori lina boneti mbele. Na ukikuta nembo imeandikwa Scania-Vabis, jua lori hilo ni la kabla ya kampuni hiyo kuungana na Saab mwishoni mwa miaka ya 1960.

Mercedes-Benz walichagua hesabu nyingine. Modeli ya 1113 ina uzito wa jumla wa takribani tani 11 na nguvu farasi 130 hivi. 1924 ni tani 19 na nguvu farasi 240. Namba hiyo inakueleza kazi ya lori, haikuelezi mwaka wake. Volvo ya F88 ilitoka mwaka 1965, na F10 na F12 mwaka 1977, ambapo F ni kabini juu ya injini na N ni lori la boneti. Leyland wao waliyapa malori yao majina kama Comet, Beaver, Hippo na Octopus, na jina moja likaweza kudumu kwa miaka mingi huku vyuma vikibadilika chini yake.

Mambo haya si ya mbali na watu wa Unyamwezi. Nchi hii iliishi kwa uchukuzi kabla ya injini. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya frasila mbili hivi, kama kilo 32, kati ya Unyanyembe, eneo la Tabora, na Bagamoyo pwani. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walitumia zaidi ya siku 130 kufika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857. Lori la tani 10 hubeba mzigo wa wapagazi zaidi ya 300. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulifungua mashamba Kongwa, Nachingwea, na hapa magharibi, Urambo, ukitegemea sana mitambo iliyosazwa na vita. Mpango ulikufa mwaka 1951, na tumbaku ikashika nafasi Urambo. Tumbaku hiyo imesombwa kwa malori vizazi kadhaa.

Historia ya nchi nzima imeandikwa kwenye chesisi namna hiyo. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru mwezi Novemba 1965, Zambia ililazimika kupitisha bidhaa zake Dar es Salaam, na mwaka 1966 ikaanzishwa kampuni ya uchukuzi ya Zambia na Tanzania iliyojaza barabara ya Mbeya malori ya Fiat 682. Modeli hiyo ilizaliwa mwaka 1952, hivyo sura yake haitoshi kukupa umri. Lakini nembo ya Iveco itakuambia kuwa umevuka mwaka 1975, kampuni hiyo ilipoundwa. Kisha nchi ikaanza kuunga malori yenyewe: kiwanda cha TAMCO, Kibaha, kiliunga Scania kutokana na vipande vilivyoagizwa Sweden.

Mfano wa Kibaha unatufikisha kwenye kosa linalofanyika zaidi, la kudhani lori lina mwaka mmoja. Lina mitatu, na kila mmoja unastahili jina lake. Mwaka wa modeli ni ule toleo lilipoingia sokoni. Mwaka wa kutengenezwa ni ule gari hili mahsusi lilipokamilika. Na kwa lori lililoungwa hapa, vipande vinaweza kuwa vimetengenezwa mapema kuliko hapo. Mwaka wa kusajiliwa ni ule lilipoandikishwa nchini. Kibao chenye T, tarakimu tatu na herufi tatu hutaja usajili tu: Scania ya mwaka 1990 iliyoingia jana ina kibao kipya. Ushuru wa magari yaliyotumika hutazama mwaka wa kutengenezwa. Duka la spea Gerezani, Dar es Salaam, hutaka modeli, toleo na namba ya chesisi. Ukichanganya miaka hiyo, pinioni ya difu itasafiri mpaka Tabora na kugoma kuingia mahali pake.

Kwa hiyo mpangilio wa uchunguzi uwe huu: kwanza namba ya chesisi, kisha namba ya injini, kisha vibati na nembo, mwisho vioo na matairi. Kadri unavyopanda kutoka kwenye kiunzi, ndivyo ushahidi unavyobadilishika kirahisi. Linganisha ya kwanza na ya pili na kadi ya gari. Zisipolingana, huenda gari si la wizi. Huenda ni lile la Isikizya, lililofungwa injini nyingine ili liendelee kusomba mazao. Lakini sababu hiyo inapaswa kuandikwa, isibaki kichwani mwa fundi.

Nalisema hili kwa uzito kwa kuwa malori haya yanakwisha. Wanunuzi wa chuma chakavu hupima kilo, na sehemu nzito, yenye bei kuliko kabini iliyooza, ni ile mihimili miwili. Inapokatwa kwa gesi, namba inakwenda nayo. Mwenye nyumba, utingo na fundi watabaki na ubishi wao, na safari hii hakutakuwa na pa kuinama. Ukimkuta mkata chuma ameshafika, mwombe dakika kumi na brashi ya waya, na uinakili namba ya chesisi katika daftari pamoja na jina la aliyeliendesha lori hilo.