Siti binti Saad na Heshima ya Kiunguja: Mtazamo Kutoka Mwambao wa Gazi

Kila mwanafunzi wa historia ya Kiswahili hufundishwa kwamba mwaka 1928 wajumbe wa serikali na wa misheni walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Ni nadra kuambiwa kwamba katika mwaka huo huo mwanamke mmoja wa Unguja alisafiri na wenzake hadi Bombay, akaimba nyimbo za Kiswahili zikanaswa katika sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice. Makala haya yanakusudia kuyatazama matukio hayo mawili pamoja. Hoja yetu ni kwamba kikao cha Mombasa kiliipa lahaja ya Kiunguja mamlaka, lakini heshima ya kisanaa iliipata kwa kazi ya watu wa namna ya Siti binti Saad.

Mahali pafaapo kuipima hoja hii ni Gazi, katika pwani ya Kwale. Kijiji hiki kimezungukwa na lugha na lahaja zenye nguvu zake: Kidigo kimeenea kote bara yake, Kimvita kiko kaskazini, na kusini kuna Kichifundi na Kivumba. Kiunguja kilifika kama mgeni. Hata hivyo, historia ya Gazi na ya Unguja ni ya ukoo mmoja. Mwambao huu ulikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Unguja hadi mwaka 1963. Hapo ndipo Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui alipoweka ngome yake, hadi vita vya mwaka 1895 vilipomtoa, naye mwaka 1896 akakimbilia upande wa Wajerumani. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kwa hiyo pande zote mbili za bahari palikuwa na watu waliotoka utumwani, wenye lugha lakini wasio na nasaba ya kujivunia.

Siti alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Fumba, kijiji cha wavuvi na wakulima kusini mwa Unguja, yapata mwaka 1880, na wazazi wenye asili ya utumwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Hilo la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye. Alifinyanga vyungu akavitembeza kwa miguu hadi mjini, na sauti yake ya kunadi bidhaa ndiyo iliyomtangulia. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba, kisha akajiunga na wanamuziki wa kiume waliokuwa wakipiga udi, fidla na ala nyinginezo.

Hapana budi tuuangalie uimbaji wake kama kazi. Taarabu ya jumba la Sultani, tangu enzi za Sayyid Barghash, ilikuwa sanaa ya Kiarabu, nacho kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume. Katika pwani nzima wanawake walikuwa na ngoma zao, kama lelemama, chakacha na vugo, lakini muimbaji wa harusini alihesabiwa kuwa jirani aliyekuja kusaidia shughuli, hata kama alitunzwa fedha. Siti aliuvuka mpaka huo. Alialikwa na matajiri na maskini, alilipwa, naye aliishi kwa malipo hayo. Chombo chake kikuu cha kazi kilikuwa lugha aliyozaliwa nayo.

Lugha hiyo hakuitumia kwa mapenzi na sifa tu. Wimbo wa Kijiti ulisimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja: muuaji alitoroka akavukia bara, na waliotiwa hatiani mahakamani ni wanawake waliokuwa mashahidi wa kisa hicho. Hukumu iliyotolewa kwa lugha ya serikali ilijadiliwa upya kwa lugha ya mitaa ya Ng'ambo.

Sasa turudi kwenye mwaka 1928. Waliokitetea Kimvita walikuwa na hoja nzito: Kimvita kilikuwa na hazina ya ushairi ambayo Kiunguja hakikuwa nayo kwa kiwango hicho. Waliokitetea Kiunguja walitegemea hasa kuenea kwake katika biashara na misafara. Kwa maneno mengine, kilichaguliwa kwa manufaa, si kwa uzuri. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 iliweza kusanifisha tahajia, kutunga kamusi na kuidhinisha vitabu vya shule. Haikuweza kumfanya msikilizaji wa Gazi au wa Vanga aione lahaja ya wenzake kuwa tamu. Utamu huo ulibebwa na santuri, ambazo hazikumdai msikilizaji ajue kusoma. Sahani moja katika mkahawa ilitosha kusikiwa na umati.

Pengine itasemwa kwamba mashairi mengi aliyoyaimba Siti yalitungwa na wengine, na kwamba lugha yake ilichanganyika na Kiarabu na Kihindi. Ni kweli, lakini lugha hai ya mji wa bandari ndivyo ilivyo, na mtunzi bila sauti ya kumfikisha asingejulikana nje ya baraza lake. Shaaban Robert aliliona jambo hili mapema, ndiyo maana aliandika Wasifu wa Siti binti Saad: mwandishi mkubwa wa Kiswahili alichagua kumwandikia wasifu mwanamke aliyetoka katika ufinyanzi.

Siti alifariki mwaka 1950. Miongoni mwa waliojifunza kwake ni Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyeimba hadi uzeeni na kufariki mwaka 2013. Yatupasa basi kuzihesabu santuri zile kuwa nyaraka za lugha, sawasawa na taarifa za Kamati. Aidha, mtafiti anayekusanya nyimbo za wanawake wa Gazi, Msambweni na Diani asiishie kwenye maneno. Aandike pia ni nani aliyeimba, alijifunza kwa nani, na alitunzwa nini. Tukiyaacha hayo tutabaki na mashairi yasiyo na wenyewe, na historia ya Kiswahili itaendelea kuwa historia ya waliokaa mezani Mombasa, bila ya wale walioimba.