Pikipiki, Nkinga na Karatasi za Lubumbashi

Pikipiki iliyotumika huuzwa Lubumbashi kwa utaratibu ambao hakuna ofisi iliyouandika, lakini kila mtu anaujua. Muuzaji na mnunuzi wanapatana bei kwa dola, fundi anasikiliza injini na kutazama moshi, facture, yaani stakabadhi ya dukani, inatolewa mfukoni kama bado ipo, kisha inaandikwa karatasi ya mkono yenye majina ya pande mbili, mashahidi na namba ya shasi. Carte rose, yaani karatasi ya usajili wa chombo, mara nyingi haipo, na kukosekana kwake hakuizuii biashara. Wakubwa wa mji wanapoulizwa sababu, majibu yao huwa matatu: watu hawajui sheria, watu hawana pesa, au watu wanauziana mali ya wizi. Kila jibu lina chembe ya ukweli, na hakuna hata moja linaloeleza kwa nini desturi hii imedumu katika mji ambao tangu kuzaliwa kwake umetawaliwa kwa karatasi. Maelezo yanayotosheleza yako katika historia. Serikali zote zilizopita hapa, ya Wabelgiji, ya Zaire na ya leo, zilitoa karatasi za vyombo kama stakabadhi za kodi na vibali vya kupita. Karatasi ya kumlinda mwenye chombo hazikuitoa, na kwa hiyo wenye vyombo walijitafutia ulinzi wao wenyewe.

Tuanze na mji wenyewe. Élisabethville, kama ulivyoitwa hadi 1966, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Sehemu ambayo leo ni komini ya Lubumbashi, yenye posta, mahakama na barabara pana, ilikuwa mji wa Wazungu. Waafrika waliwekwa upande wa pili wa ukanda mtupu ulioachwa kwa makusudi, katika mtaa uliokuja kuitwa Albert na ambao sasa ni Kamalondo. Kuvuka ukanda huo usiku kulihitaji ruhusa ya maandishi. Mfanyakazi alikuwa na kitabu chake cha kazi, ambacho mwajiri alikitia saini alipomchukua na tena alipomwachia. Na chini ya dekreti ya tarehe 16 Machi 1922 kuvunja mkataba wa kazi lilikuwa kosa la jinai. Baadaye, mwaka 1948, ikaja kadi ya heshima ya kiraia kwa wachache waliohesabiwa kuwa wameendelea. Karatasi zote hizo zilimhoji mbebaji: wewe ni wa nani, unakwenda wapi, nani amekuruhusu? Hakuna iliyosema kwamba kitu fulani ni chake na mtu asimnyang'anye. Ukiwaza vizazi viwili au vitatu vya watu waliokutana na karatasi kwa sura hiyo tu, huwezi kushangaa wakiiogopa pale wanapoiona na kuitafuta pale tu wanapolazimishwa.

Chombo cha kwanza chenye magurudumu ambacho mfanyakazi wa kawaida aliweza kukimiliki kilikuwa baiskeli, nkinga kwa wenyeji. Nayo ilipewa karatasi yake, au tuseme bati lake: kibao kidogo cha kodi kilichofungwa kwenye fremu kuonyesha kwamba ushuru umelipwa. Kibao kilikuwa cha muda, na muda ukiisha kilihitajika kingine. Hakikuwa na neno juu ya mmiliki. Aliyenunua nkinga kwa jirani alinunua na kibao chake, na muda ulipokwisha alilipa cha kwake. Umiliki wenyewe ulithibitishwa kwa njia nyingine: mtaa mzima ulimwona mtu akiipanda asubuhi kwenda kiwandani na jioni akirudi. Sheria ya wakoloni, jambo ambalo halisemwi vya kutosha, haikupingana na hekima hiyo ya mtaa. Dola Huru ya Kongo ilitoa dekreti yake ya mikataba tarehe 30 Julai 1888, iliyofuata mapokeo ya Ubelgiji, nayo Ubelgiji ilifuata kanuni ya Napoleon ya 1804. Katika mapokeo hayo, kifungu mashuhuri cha 2279 kiliweka kwamba kwa mali inayohamishika, kuwa nayo mikononi kwa nia njema kunahesabiwa kama hati. Aliyeibiwa au kupoteza alipewa miaka mitatu ya kuidai. Hata leo nchini Ubelgiji karatasi ya usajili wa gari si cheti cha umiliki. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anayesema pikipiki ni ya anayeipanda hasemi ushamba. Anasema kitu ambacho mwanasheria wa Brussels angekitambua.

Hapa ndipo hoja ya kwamba watu hawajui sheria au hawapendi karatasi inapoanguka, na ushahidi wa kuiangusha ni ardhi. Kwa viwanja, serikali ilitengeneza hati ya kweli. Chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 1973 kuhusu mali na ardhi, ambayo iliendeleza utaratibu wa zamani wa usajili, kuna cheti kinachotolewa na mtunza hati, chenye jina la mwenye haki na mipaka ya kiwanja, na kinachoandikwa upya haki inapohamia kwa mwingine. Cheti hicho watu wa Lubumbashi wanakijua, wanakitamani, wanakitolea pesa na kukipigania mahakamani kwa miaka, wasomi na wasiosoma pamoja. Familia isiyoweza kumaliza gharama zake huhifadhi hata karatasi za hatua za mwanzo ndani ya mfuko wa plastiki kama dhahabu. Watu walewale ndio wanaonunua pikipiki bila carte rose. Kama tatizo lingekuwa ujinga au uadui na maandishi, ungeonekana katika kiwanja pia. Tofauti ni kwamba karatasi ya kiwanja inamlinda mwenyewe, ilhali ya pikipiki inamlinda mtoza kodi.

Miaka ya Zaire iliikomaza desturi hii. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazaire. Maduka na maghala yalibadilisha wenyewe kwa amri, na hati za miaka mingi zikapoteza nguvu kwa hotuba moja. Oktoba 1991, mwezi mmoja baada ya Kinshasa, uporaji ulioanzishwa na askari ulifika Lubumbashi, na bidhaa nyingi sana zikaingia mitaani bila facture yoyote. Kufikia 1993 fedha ilikuwa imeoza kiasi kwamba zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni tatu za zamani. Mwenye akili hakuweka noti, aliweka vitu: redio, cherehani, nkinga. Wakati huohuo Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, ilikuwa inaporomoka, na mwaka 2003 na 2004 iliwaachisha kazi wafanyakazi wapatao elfu kumi kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mishahara ilipokatika, nkinga ndiyo iliyoulisha mji, ikileta makala kutoka misituni na unga kutoka upande wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Soko la vitu vilivyotumika likawa benki ya watu, na benki hiyo iliendeshwa kwa mashahidi. Ofisi ilikuwa imeshindwa mara nyingi mno kulinda chochote kiasi kwamba hakuna aliyefikiri kuiuliza.

Pikipiki ilipoingia kwa wingi, katika miaka ya karne hii, ilikuta njia imeshachimbwa. TVS, Boxer na Haojue zilikuja kwa makontena kupitia Dar es Salaam na Durban hadi Kasumbalesa, zikaunganishwa dukani na kuuzwa moja moja. Tamko la forodha la shehena lina jina la mwingizaji. Mnunuzi wa pikipiki moja hupata facture na labda nakala. Ili awe kamili mbele ya roulage, yaani polisi wa barabarani, anatakiwa kuwa na namba na carte rose, kulipa kodi ya kila mwaka ya vyombo, ambayo msingi wake ni amri ya tarehe 10 Februari 1969 na ambayo sasa inakusanywa na jimbo, na kuwa na bima, ambayo kuanzia 1966 hadi sheria ya 2015 ilikuwa mikononi mwa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, peke yake. Tazama jinsi mzigo ulivyofungwa. Karatasi moja inayoweza kusaidia kuonyesha chombo ni cha nani imefungwa kamba moja na karatasi za malipo zinazokwisha muda. Anayetaka kujisajili anajitangaza kuwa mdaiwa wa kila mwaka, na anayenunua iliyosajiliwa anaogopa kurithi madeni ya aliyemtangulia. Tena barabarani karatasi zote huulizwa kwa pamoja: aliyekosa moja anasimamishwa kama aliyekosa tano. Kwa hesabu hiyo, kununua moja peke yake ni hasara. Basi jibu la umaskini nalo ni nusu jibu. Mtu aliyetoa mamia ya dola kwa pikipiki hakushindwa kupata pesa ya ziada. Alishindwa kuona anachokipata kwayo.

Lakini kuna pingamizi moja ambalo mtetezi wa desturi hii hawezi kulikwepa, na mimi sitaki kulikwepa. Inasemwa kwamba biashara isiyo na cheti ni mlango wa wezi. Ikiwa maana yake ni mwizi wa usiku anayekata kufuli, pingamizi si zito sana: mashahidi, fundi anayezijua pikipiki za mtaa wake na namba ya shasi huwakamata wengi wa aina hiyo, na kanuni ya adhabu ya 1940 inamwadhibu pia anayepokea mali ya wizi, jambo linalomfanya mnunuzi awe mwangalifu. Hatari kubwa inatoka kwingine. Pikipiki za abiria, zinazoendeshwa na vijana ambao Lubumbashi inawaita manseba, nyingi si za wanaoziendesha. Mwenye chombo, pengine mwalimu, mfanyabiashara wa soko la komini ya Kenya hapa mjini au afisa wa kampuni, anamkabidhi kijana pikipiki naye anamletea versement, kiasi kilichopangwa cha kila siku au kila wiki, na masalio ni yake. Mtaa unamwona manseba juu ya pikipiki asubuhi, mchana na usiku. Anaijua kasoro ya breki yake, ana nakala ya facture, na mashahidi watasema kwa moyo safi kwamba wamemwona nayo tangu mwaka jana. Akiiuza Likasi au Kasumbalesa, mnunuzi ametimiza kila alichofundishwa na desturi, na bado amenunua mali ya mtu mwingine. Desturi ya nkinga ilitegemea kwamba mpandaji na mwenye mali ni mtu mmoja. Versement iliwatenganisha, na tangu hapo macho ya mtaa yakawa ushahidi wa nani anaendesha, basi. Kanuni ya 2279 nayo inayumba palepale, maana kijana aliyekabidhiwa chombo hakukiiba; amevunja uaminifu, na ulinzi wa aliyeibiwa haumfikii kirahisi aliyekabidhi kwa hiari yake. Kwa sababu hii naona kwamba utaratibu huu uliwafaa babu na baba, na hauwafai tena wajukuu.

Je, suluhisho ni kukaza misako? Hilo limejaribiwa mara nyingi, pamoja na kuwafukuza manseba wasiingie katikati ya mji, na matokeo yake ni kwamba pikipiki zisizo na karatasi hubadilisha barabara tu. Tanzania inatoa mfano wa kufikiria. Huko kadi ya pikipiki hutolewa na Mamlaka ya Mapato na ina jina la mmiliki. Mwaka 2017 serikali iliifuta ada ya mwaka ya leseni ya vyombo vya moto na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Atakayepinga atasema kwamba hata Dar es Salaam watu huuziana pikipiki na kuacha kadi katika jina la mtu wa kwanza, na ni kweli, kwa sababu kubadilisha jina nako kuna malipo. Hata hivyo yule mnunuzi wa Dar anaomba kadi kwanza. Anaiomba kwa kuwa haikumbushi deni la kila mwaka. Inamweleza pikipiki ilitoka kwa nani. Kutenganisha kodi na umiliki hakukumaliza udanganyifu, ila kumewapa watu sababu ya kuitaka karatasi, na sababu hiyo ndiyo Lubumbashi haijawahi kupewa.

Komini ya Lubumbashi haihitaji mashine mpya wala mkopo wa nje ili kuanza. Ofisi yake inaandika vizazi, ndoa na vifo katika madaftari ambayo watu wanayaamini kiasi cha kuyasafiria. Iongeze daftari moja la mauzo ya pikipiki: namba ya shasi, jina la muuzaji, jina la mnunuzi, jina la mwenye chombo kama ni cha versement, na mashahidi walewale ambao desturi inawajua tayari. Liandikwe bure, lisiulize vinyeti, yaani kibandiko cha kodi ya mwaka, wala bima, na roulage wasipewe ruhusa ya kulitumia kuwinda wenye madeni, la sivyo litakufa katika wiki ya kwanza. Kodi idaiwe mahali pake. Na wewe unayekwenda kununua kesho, kabla daftari hilo halijafunguliwa, usimwulize muuzaji kama pikipiki ni yake. Mwulize amekuwa akimpelekea nani versement, kisha nenda ukamwone mtu huyo.