Kabla ya Kusahau Ariel 5

Jamhuri Dei ikikaribia, lazima mtu aitume tena kwenye magrupu ya WhatsApp: je, wajua setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka Kenya tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru? Ni kweli. Jina lilipendekezwa na Marjorie Townsend, meneja wa mradi huo NASA, kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Sina ubaya na hiyo habari. Shida yangu ni kwamba tunaishia kwenye jina, na utamu wenyewe uko miaka minne mbele, kwa setilaiti ambayo hakuna mtu huitaja.

Uhuru ilituachia swali. Iliona makundi makubwa ya galaksi, kama lile la Perseus, yakitoa eksirei, tena kutoka eneo pana lililojumuisha nafasi kati ya galaksi na galaksi. Nini kinawaka hapo? Wengine walisema ni gesi yenye joto la kupindukia. Wengine wakasema la, ni elektroni zenye kasi kubwa zinazougonga ule mwanga hafifu uliojaa ulimwengu mzima, na kuupandisha hadi uwe eksirei. Pande zote mbili zilikuwa na hesabu zao.

Tarehe 15 Oktoba 1974 ikaenda Ariel 5. Setilaiti ya Waingereza, roketi ya Wamarekani, jukwaa la San Marco la Waitaliano, bahari yetu, pale Ngomeni kaskazini ya Malindi. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi.

Sasa fizikia kidogo, usitoroke. Atomu ya chuma ina elektroni 26. Ipashe joto na zinaanza kung'oka, za nje kwanza. Zile mbili za ndani kabisa zimeng'ang'aniwa na kiini, kwa hivyo hata gesi ikifika nyuzi makumi ya milioni, chuma kingi hubaki nazo. Moja ikirushwa juu kisha irudi mahali pake, hutoa eksirei ya takriban kilo-elektronivolti 6.7. Ukiipata namba hiyo unajua mambo mawili kwa mpigo: hiki ni chuma, na kinakaa kwenye moto mkali ajabu.

Ujanja huu ulikuwa umeshalisumbua jua. Mwaka 1869, wakati wa kupatwa kwa jua, wanaastronomia waliona mstari wa kijani kwenye mwanga wa korona ambao hawakuutambua, wakabuni elementi mpya, koroniamu. Iliishi vitabuni miaka sabini hivi! Halafu Walter Grotrian wa Ujerumani na Bengt Edlén wa Uswidi, aliyekuwa akizichoma metali kwa cheche za umeme maabarani, wakaonyesha kuwa ni chuma tu kilichopoteza elektroni 13. Maana yake korona ina joto la zaidi ya nyuzi milioni moja, kuliko uso wa jua wenyewe.

Mwaka 1976 watafiti wa maabara ya Mullard, Uingereza, wakatangaza kwamba Ariel 5 imeuona mstari wa chuma kutoka Perseus. Ugomvi ukaisha, kwa sababu elektroni zinazogonga mwanga haziwezi kuchora mstari wa chuma. Ni gesi. Na kuna kubwa zaidi: chuma hutengenezwa na nyota. Kwa hivyo nyota zililipuka, zikatema chuma hadi nje ya galaksi zao, kikachanganyika na gesi ambayo uzito wake unazishinda nyota zote za kundi hilo.

Mimi nilisoma fizikia miaka miwili chuoni kabla karo kunishinda. Spektra tulifundishwa kwa taa ya sodiamu, na hakuna siku Ngomeni ilitajwa. Mwanafunzi wa Kilifi anaweza kumaliza digrii bila kuambiwa kwamba swali hili lilijibiwa na chombo kilichopaa kutoka baharini kwao. Hilo linaniuma kuliko karo.

Ariel 5 iliungua ikirudi duniani Machi 1980. Mwaka 2016 Hitomi, setilaiti ya Japani, iliusoma tena mstari uleule wa Perseus, safari hii kwa umakini wa kupima msukosuko wa gesi: kama kilomita 164 kwa sekunde, tulivu kuliko wengi walivyotarajia. Wiki chache baadaye nayo ikapotea.