Nta, Brashi na Ngozi: Historia Fupi ya Kutunza Kiatu cha Mwanamume, Kutoka Usumbura hadi Bujumbura

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi mijadala ya ngeli, ya vitenzi na ya ushairi. Safari hii tumeamua kuandika juu ya viatu, tena viatu vya ngozi vya wanaume, vile vya kamba na kisigino ambavyo mwalimu huvaa siku ya mahafali na karani huvaa kila siku. Hatufanyi mzaha. Kazi ya kutunza kiatu ina msamiati wake, ina historia yake katika eneo la Maziwa Makuu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita kwa Kiswahili. Wanafunzi wetu wanaweza kuichambua sentensi changamano hadi kiini chake, lakini wakiulizwa kile kipande cha ngozi kinachokaa chini ya kamba za kiatu kinaitwaje, wengi hukimbilia Kifaransa au Kiingereza. Kinaitwa ulimi.

Tunaanzia Bujumbura, katika mtaa wa viwanda ambao wenyeji huuita kwa Kifaransa Quartier Industriel au Zone Industrielle, jirani na Ngagara. Anayetaja viwanda vya Bujumbura hutaja kwanza bia ya Brarudi, iliyoanzishwa mwaka 1955, kisha sabuni ya Savonor, kisha nguo za COTEBU, kiwanda kilichofungwa katika miaka ya 2000 huku jina lake likibaki kwenye soko la Ngagara. Kiatu cha ngozi hakitajwi. Ngozi yenyewe, hata hivyo, imepita katika mji huu kwa miaka mingi mno. Tangu wakati ambapo Burundi na Rwanda zilitawaliwa pamoja na Wabelgiji kwa jina la Ruanda-Urundi, ngozi za ng'ombe na mbuzi zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa nje. (Na wale wanaopenda kuchekeshwa na maneno wakumbuke kwamba kaskazini mwa Burundi upo mji uitwao Ngozi. Tusijenge nadharia juu ya jambo hilo.)

Njia ya ngozi hizo inafaa ielezwe, kwa sababu ndiyo njia ya lugha yetu pia. Mzigo ulipakiwa melini Usumbura, ukashuka ziwa Tanganyika hadi Kigoma, ukapanda gari moshi hadi Dar es Salaam. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kwa mkataba wa mwaka 1921 baina ya Waingereza na Wabelgiji, Ubelgiji ilipewa sehemu zake za bandari Kigoma na Dar es Salaam, zilizojulikana kwa jina la Belbase. Ngozi ilikwenda Ulaya kwa njia hiyo ikiwa imekaushwa tu, ngumu kama ubao. Kwa njia hiyohiyo kiatu kilirudi kikiwa kimeshonwa, pamoja na kopo la rangi yake. Makuli, makarani, mabaharia na wachuuzi wa njia hiyo walielewana kwa Kiswahili.

Je, nani alivaa kiatu hicho? Hapa historia inakuwa chungu kidogo. Pwani, Waswahili walikuwa na viatu vyao vya ngozi tangu zamani, makubadhi na ndara, na vya mti, yaani mitalawanda. Kiatu cha kufunga kwa kamba ni mgeni aliyeingia na jeshi, misheni na ofisi. Askari wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, ambao kituo chao kilikuwa Usumbura tangu mwisho wa karne ya 19, walivaa buti na bendeji za miguu. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, yaliyoingia Usumbura mwezi Juni 1916, yalikuwa na askari Waafrika ambao katika picha nyingi za wakati ule wanaonekana pekupeku. Waliovaa buti walirudi nyuma, na waliokuwa pekupeku wakauchukua mji. Vivyo hivyo askari wa King's African Rifles upande wa Waingereza walipigana vita vile bila viatu, na ilibidi vije Vita vya Pili vya Dunia ndipo buti ziwe jambo la kawaida kwao.

Baada ya vita, kiatu kikawa alama ya daraja. Mzungu alivaa, karani na mwalimu wa misheni waliruhusiwa kuvaa, tena walitarajiwa, boi wa nyumbani aliving'arisha viatu vya bwana wake alfajiri, naye mwenyewe akasimama pekupeku. Maana yake ni kwamba ufundi wa kutunza kiatu cha ngozi uliingia kwetu kupitia mikono ya watu ambao hawakuwa na viatu. Wao ndio waliojua kiasi cha rangi, namna ya kushika brashi, na dalili za ngozi inayotaka kupasuka. Vitabu vidogo vya Kiswahili walivyoandikiwa walowezi vilihifadhi lugha ya kazi hiyo katika hali moja tu, hali ya kuamuru: safisha, leta, haraka. Tunaona hili ni jambo la kufikiriwa na mwalimu yeyote wa sarufi. Msamiati wa kazi nzima umeandikwa na aliyekuwa akiamuru. Aliyekuwa akitenda hakuandika, ingawa ndiye aliyekuwa na maneno mengi zaidi.

Hebu tuyatazame maneno hayo. Kiatu kwa Kirundi ni ikirato, na wingi wake ni ibirato. Upande wa Kongo, hasa Katanga, husikika kilato na bilato. Mwanafunzi anayejua kwamba Kiswahili kilipoteza l baina ya irabu katika maneno mengi hatashangaa. Njaa yetu ni inzara kwa Kirundi. Makaa yetu ni amakara. Katika safu hiyo, kiatu kinakaa vizuri kando ya ikirato. Kwa maoni yetu, mfano huu unafaa zaidi darasani Bujumbura kuliko mifano inayonakiliwa kila mwaka kutoka vitabu vya isimu, kwani kila mwanafunzi anakuja nao miguuni.

Neno la pili ni kiwi. Rangi ya Kiwi ilianza kuuzwa mwaka 1906 Melbourne, Australia. Mwenye kuitengeneza, William Ramsay, aliipa jina la ndege wa New Zealand kwa heshima ya mke wake aliyetoka huko. Vita Vikuu vya Kwanza viliisambaza kwa kuwa kila jeshi lilitaka buti zinazong'aa, na katika Afrika Mashariki jina la kampuni likageuka kuwa jina la kitu: mtu hupaka kiwi hata kama kopo ni la kampuni nyingine. Lakini Kiswahili kilikuwa na kiwi chake tayari, yaani ile hali ya macho kushindwa kuona kwa sababu ya mwanga mkali. Kwa hiyo kiatu kilichopakwa kiwi barabara kinaweza kumtia mtu kiwi. Bujumbura, kwa upande wake, hufuata Kifaransa na kusema siraje, neno linalotokana na jina la nta. Neno hilo la Kifaransa ni la kweli zaidi, kwa sababu linataja kitu kilichomo ndani ya kopo. Wengi wetu tunaposema rangi ya viatu tunasahau kuwa rangi ndiyo sehemu ndogo.

Basi kilichomo ni nini, na kinafanya nini? Ngozi ni nyuzinyuzi zilizosukana. Ikiwa mbichi huoza. Ikikaushwa tu huwa ngumu. Kiwandani hutiwa dawa, ama ya magome ya miti kama miwati, inayolimwa Njombe na katika nyanda za juu za Kenya, ama ya chumvi za kromi, ambazo zilienea tangu mwisho wa karne ya 19 na ndizo zinazotumika kwa sehemu za juu za viatu vingi leo. Baada ya dawa hutiwa mafuta ili nyuzi ziteleze zenyewe kwa zenyewe mguu unapokunjika. Mafuta hayo hupungua kadiri kiatu kinavyoloa na kukauka, loa na kukauka. Yakiisha, ngozi hupasuka pale kiatu kinapokunjika, na hapo hakuna fundi atakayeirudisha. Krimu hurudisha mafuta. Nta hukaa juu, huzuia maji na kutoa mng'aro. Katika kopo la kawaida mna nta, mna tapentaini au mafuta mengine yanayoruka hewani, na mna rangi. Ndiyo maana kopo lililoachwa wazi hukauka na kupasukapasuka: mafuta yameruka, imebaki nta.

Bujumbura ina taabu zake. Mji uko kando ya ziwa, kwenye mwinuko wa mita 770 na kitu, kuna joto, na mvua hunyesha kuanzia karibu Oktoba hadi Mei. Kiangazi huleta vumbi linaloingia kwenye mishono na kuikata nyuzi polepole kama msasa. Masika huleta tope na ukungu. Mwenye kiatu kimoja, na walimu wengi wana kimoja, afanye hivi. Akifika nyumbani afungue kamba kabisa, asivue kwa kukanyaga kisigino. Apanguse vumbi kwa brashi kavu, kisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kikiwa kimeloa akijaze magazeti, ayabadilishe yakishalowana, na akiweke kivulini penye upepo. Asikiweke juani wala karibu na jiko la makaa, kwani hapo ndipo viatu vingi vya mji huu hufia. Kikishakauka ndipo apake krimu au kiwi, kidogo sana, kwa kitambaa, akizungusha. Aache dakika chache mafuta yaruke. Kisha apige brashi ya singa za farasi. Anayetaka ncha ya kiatu ing'ae kama kioo aongeze tabaka jembamba la nta na tone la maji, asugue tena na tena, kama wafanyavyo askari. Eneo linalokunjika asilijaze nta, kwa sababu nta ngumu hupasuka. Ukungu hupanguswa nje ya nyumba, kiatu kikaanikwa kwenye hewa, wala kisifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki. Aliye na jozi mbili azivae kwa zamu, kwa kuwa jasho la siku moja halikauki kwa usiku mmoja. Zile rangi za maji za chupa, zenye sifongo mdomoni, huokoa mtu asubuhi ya usaili, lakini huacha utando unaobanduka. Sisi hatuzipendi.

Angalia sasa vitenzi: kupangusa, kupaka, kusugua, kupiga brashi, kung'arisha. Si visawe. Kila kimoja ni hatua, na mwenye kuvichanganya ataharibu kiatu. Tumewahi kusoma insha za wanafunzi ambamo kusafisha kumefanya kazi ya vyote vitano.

Kuhusu soli tutasema machache. Kiatu bora cha zamani hushonwa soli yake kwenye ukanda wa ngozi unaozunguka ukingo, kwa mashine aina ya Goodyear iliyobuniwa Marekani katika karne ya 19. Soli ikiisha hufumuliwa na kushonwa nyingine. Viatu vingi vya leo vimegundishwa kwa gundi, na joto la lami huilainisha gundi hiyo. Fundi wetu hujibu kwa sindano, uzi mnene na kipande cha tairi, tairi ileile iliyozaa katambuga za Tanzania na akala za Kenya. Kisigino kirekebishwe mapema, kikiwa kimelika upande mmoja tu, kabla hakijapindisha kiatu chote.

Viwanda vya viatu vya eneo letu vina historia ndefu kuliko nafasi tuliyo nayo. Bata walianza Kenya mwaka 1939 na kiwanda chao cha Limuru kimekuwa shule ya mafundi wengi. Tanzania ilichukua sehemu kubwa ya hisa za Bata baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kiwanda cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya, hakikupata kufikia hata sehemu ndogo ya uwezo huo, kikafungwa mwaka 1990. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo tarehe 1 Julai 2007, walikubaliana kupunguza nguo na viatu vya mitumba ndani ya miaka mitatu ili viwanda vya ngozi vya ndani vipate nguvu. Mitumba ipo bado.

Na kwa kuwa mitumba ipo, mafundi wana kazi. Moto ulipoteketeza soko kuu la Bujumbura tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara walitawanyika kwenda masoko mengine, likiwamo lile la Ngagara linaloitwa Cotebu. Viatu vya ngozi vilivyovaliwa Ulaya hufika masokoni vikiwa vimekauka na kukunjamana, na kazi ya kwanza ni kuvirudishia mafuta. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ina mafundi wa kila namna, na lugha ya kazi humo ni Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi na Kifaransa bila aibu yoyote. Tunawaomba wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu waende huko na daftari, waketi kwenye benchi la mteja, na waulize jina la kila kifaa kilichomo kisandukuni. Waende na viatu vichafu.