Raha ya Kitabu Kizuri: Kutoka Mswada wa Lamu hadi Kabati la Mwalimu wa Nakuru

Wapo wanaoamini kwamba kukusanya vitabu vya kupendeza, vyenye hati nzuri na michoro, ni anasa ya wenye fedha isiyomhusu mwalimu wa Kiswahili. Makala haya yanapinga rai hiyo. Sehemu kubwa ya fasihi tunayoifundisha imetufikia kwa sababu palikuwa na mtu aliyeupenda ukurasa mzuri, akauhifadhi.

Tuchukue mfano wa Fumo Liyongo. Mtahiniwa wa Nakuru, Molo au Gilgil humtaja mara tu anapoulizwa kuhusu shujaa wa mighani. Utenzi maarufu unaosimulia habari zake uliandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki 1945. Kijuma alikuwa malenga, mchonga mbao na mwandishi wa hati za Kiarabu mwenye mkono wa pekee. Aliwanakilia tungo za kale wataalamu wa Ulaya kama vile Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, ambaye alifanya utafiti Lamu katika miaka ya 1930. Waliomwendea walitafuta maneno. Walichopata ni maneno pamoja na sanaa ya mkono.

Je, sanaa hiyo ina faida gani kwa mhakiki? Katika miswada ya aina hii, ubeti wa utenzi aghalabu huandikwa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitenganishwa kwa alama ndogo. Vitabu vingi vya hati za Kirumi huupanga ubeti uo huo katika mistari minne. Mwanafunzi aliyeona chapa peke yake huhesabu mishororo minne mifupi, basi. Aliyeona mswada hutambua upesi kwa nini kina cha kipande cha mwisho ndicho kinachofunga ubeti na kurudiwa katika utenzi mzima: ndicho mwisho wa mstari. Umbo la ukurasa, kwa hiyo, ni sehemu ya ushahidi.

Hata hivyo, raha ya mkusanyaji mmoja huweza kuwa hasara ya wengi. Miswada mingi ya Kijuma imehifadhiwa London na Ujerumani. Ingawa baadhi ya miswada ya Kiswahili sasa inaonekana kwa njia ya intaneti, karatasi zenyewe ziko mbali na walimu na wanafunzi wanaozihitaji.

Tulinganishe na mfano ulio karibu nasi katika Bonde la Ufa. Kando ya Ziwa Naivasha ipo Elsamere, nyumba ya Joy Adamson, ambayo sasa ni makumbusho. Kuanzia mwaka 1949 alichora watu wa jamii za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kwa agizo la serikali ya kikoloni. Mwaka 1967 kilitoka kitabu chake chenye picha hizo, The Peoples of Kenya. Jicho lake lilikuwa la mgeni, na mhakiki ana haki ya kulihoji. Lakini picha nyingi zilibaki nchini, mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mjukuu wa aliyechorwa hahitaji kuvuka bahari ili kuhoji jinsi babu yake alivyochorwa.

Funzo hili linatugusa kila vitabu teule vinapobadilishwa. Katika miaka ya 2020, Chozi la Heri na Kigogo vilipoipisha Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha, nakala ngapi ziliishia kufungia bidhaa sokoni? Mwalimu na aweke kabatini angalau nakala moja safi ya kila toleo. Asome ukurasa wa uchapishaji, anakili mwaka wa toleo na jina la mchoraji, kisha awaulize wanafunzi: je, picha ya jalada inaafikiana na anwani na maudhui? Jalada likibadilika katika toleo jipya, ni maana gani imeongezwa au kupunguzwa?

Kabati kama hilo halihitaji utajiri. Linahitaji jicho linalopenda kitabu kizuri na moyo ulio tayari kukiazima. Akiba haiozi, na akiba ya vitabu hunufaisha zaidi inaposomwa na wengi.