Kelele katika laini ya intaneti ya nyumbani: inatoka wapi na inatafutwa vipi

Kwa muda wa miezi 18, intaneti ya kijiji cha Aberhosan, katikati ya Wales nchini Uingereza, ilikuwa ikikatika au kupungua kasi kila siku ifikapo saa moja asubuhi. Mafundi wa Openreach, kampuni inayotunza nyaya za simu nchini humo, walifika mara kwa mara, wakaupima mtandao na kuukuta hauna kasoro. Hata baada ya sehemu kubwa ya kebo kubadilishwa, tatizo lilibaki pale pale. Hatimaye wahandisi walizunguka kijijini saa kumi na mbili asubuhi, mvua ikinyesha, wakiwa na kifaa cha kupima mawimbi ya umeme. Ilipogonga saa moja kifaa kikanasa mlipuko wa kelele. Ulitoka katika runinga kuukuu, ambayo mwenyewe alikuwa na desturi ya kuiwasha saa hiyo. Habari hiyo ilitangazwa Septemba 2020. Mwenye runinga alifadhaika na kukubali asiiwashe tena, na intaneti ikatulia.

Runinga moja iliwezaje kukiathiri kijiji kizima? Jibu limo katika waya wa shaba. Mazungumzo ya simu ya mezani huhitaji masafa yasiyozidi hezi 3,400 hivi. Teknolojia ya ADSL hupitisha intaneti katika waya huohuo, juu ya masafa ya sauti, hadi kilohezi 1,104; ile ya ADSL2+ hufika kilohezi 2,208. Wasikilizaji wa redio watatambua mara moja kwamba humo ndimo yalimo masafa ya kati, ambayo barani Afrika na Ulaya huanzia kilohezi 531 hadi 1,602. Waya wa simu unaopita juu ya nguzo ni antena pia, hata kama hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Usiku, matangazo ya masafa ya kati husafiri mbali zaidi kuliko mchana, na ndiyo sababu baadhi ya laini hudhoofika jua linapotua ilhali hakuna kilichoharibika.

Wanaopata intaneti kwa simu ya mkononi au kwa nyuzi za kioo hawasumbuliwi na kelele ya namna hii. Wanaotegemea waya wa shaba waanze kwa kuhakikisha kwamba lawama haiangukii laini bure. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo. Ikiwa mawasiliano yanatulia, na taa ya laini kwenye ruta haizimiki, basi kasoro ni ya Wi-Fi ndani ya nyumba.

Kisha fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta. Humo mna vipimo viwili vya desibeli vinavyostahili kuandikwa. Cha kwanza ni kiasi ambacho ishara imefifia njiani. Hiki hutegemea hasa urefu wa waya kutoka kituo cha simu, na kwa kawaida hakibadilikibadiliki. Cha pili, kilicho muhimu zaidi, ni akiba ya ishara juu ya kelele. Laini nyingi hupangwa zianze na akiba ya desibeli 6 hivi. Kelele ikiongezeka akiba huliwa, makosa huongezeka, na ikikaribia sifuri ruta hupoteza mawasiliano na kulazimika kuanza upya, mara nyingi kwa kasi ndogo zaidi. Kwa maoni yetu, laini ya kasi ya wastani isiyokatika ina faida kuliko ya kasi kubwa inayoanguka mara tano kwa siku.

Sikio nalo ni kipimo. Inua simu ya mezani yenye waya, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa kupigia unyamaze, usikilize. Uingereza ina namba maalumu ya jaribio hili, 17070, ambapo mteja huchagua 2. Mkwaruzo au mlio kama wa kukaanga, hasa baada ya mvua, huashiria kiungo cha waya kilichoingia maji au kutu. Hiyo iripotiwe kama hitilafu ya simu, kwa kuwa fundi ataweza kuisikia mwenyewe.

Kama simu ni kimya, chunguza nyumba. Hamishia ruta kwenye soketi ya kwanza, pale waya unapoingilia, na uchomoe vifaa vingine vyote vya simu. Iache hivyo siku nzima. Laini ikitulia, kosa limo katika nyaya za ndani au katika kichujio: kila simu, faksi au king'ora kilichounganishwa na laini hiyo kinahitaji kichujio chake, na kimoja kibovu chatosha kuharibu yote. Waya mrefu bapa kati ya soketi na ruta nao ubadilishwe kwa mfupi wenye nyuzi zilizosokotwa pamoja, kwani msokoto hupunguza kelele inayonaswa.

Baada ya hapo, chukua redio ndogo ya betri, iweke kwenye masafa ya kati mahali pasipo na kituo, kwa mfano karibu na kilohezi 612, utembee nayo huku ukizima vifaa kimoja baada ya kingine. Watuhumiwa wakuu ni chaja za bei rahisi, taa zenye kipunguza mwanga na runinga za zamani. Mashambani, uzio wa umeme wa mifugo husikika kama mgongo wa saa, ukirudia kwa vipindi vilivyo sawa.

Jizuie kuizima na kuiwasha ruta kila mara. Katika mitandao kama ya Uingereza, mfumo unaosimamia laini unaweza kuhesabu kukatika huko kuwa ni udhaifu na kuipunguzia laini kasi. Andika badala yake saa ambayo intaneti ilikatika na akiba ya desibeli iliyokuwapo, kwa siku saba mfululizo, kisha mpe fundi karatasi hiyo.